Jana Hukupita

Kuna mzee anauza kahawa kwenye kona ya mtaa wetu, Tandika. Adhana ya alfajiri inamkuta ameshawasha jiko lake la mkaa, birika liko juu, vikombe vimezama kwenye ndoo ya maji. Asubuhi moja ya Juni 2024 nilipita mbele yake, nikampa shikamoo yake, akaitikia marahaba, kisha akasema huku anafuta kikombe: "Jana hukupita, mwanangu."

Nikamwambia nilikuwa na homa.

Uongo mtupu. Jana yake nililala mpaka saa tatu, nikaamka nikala vitumbua sita kwa chai ya sukari nyingi, nikarudi kitandani. Sikuwa na homa wala malaria. Nilikuwa nimechoka ule uchovu ambao ukiulalia hauondoki, unageuka tu nawe upande wa pili.

Lakini lile neno lilinifuata njia nzima mpaka kwenye uzio wa Uwanja wa Mkapa. Mzee huyu hata jina lake silijui. Tangu lini ananihesabu? Mimi siku zote nilidhani natembea peke yangu.

Watu wakisikia mwaka niliopitia, na kwamba bado naamka alfajiri kutembea na bado nameza dawa zangu, huniuliza ari nimeitoa wapi. Jibu langu huwa linawakatisha tamaa kidogo. Ari sikuitoa popote. Ilinitoroka mapema kabisa, na hadi leo ikija inakuja kama mgeni wa Idi: inakula, inasifia, inaondoka kabla ya kuosha vyombo.

Nianze mwanzo. Oktoba 2023 nilikuwa karani wa hesabu kwenye kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Wakaleta watu wa afya ofisini kutupima, bure, nikakaa kwenye foleni kwa sababu ilikuwa njia halali ya kutoka kwenye meza yangu. Mashine ya presha ikasoma 158 juu ya 96. Nesi akanikalisha dakika tano, akarudia. 156 juu ya 98. Nikamwambia dada, mbona mimi sisikii chochote? Akasema, "Ndiyo shida yake hiyo. Ukisubiri uisikie, umechelewa." Akanipa karatasi niende kituo cha afya, nikaenda, wakapima tena siku nyingine mbili tofauti, na mara zote namba zikawa juu ya ile mipaka ya 140 kwa 90. Nilikuwa na miaka 43. Baadaye nilisoma kwamba utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu robo ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana presha ya kupanda, nikaangalia daladala nililopanda nikahesabu vichwa. Gari zima la wenzangu, na nadhani wengi wao walikuwa hawajui.

Nikaanza vizuri, tena kwa kelele. Kidonge kimoja cha amlodipine, dawa ya presha, kila siku. Raba mpya. Programu ya kuhesabu hatua kwenye simu, na lengo langu hatua elfu kumi, kwa sababu ndiyo namba kila mtu anaitaja. Nilikuwa napiga picha miguu yangu na kuiweka kwenye status. Nikimkumbuka yule mwanamke niliyekuwa namwonea aibu kidogo, lakini simlaumu. Alikuwa na mshahara, usingizi wa saa saba, na chumba chake Tabata ambacho hakuna mtu mwingine aliyehitaji kitu ndani yake. Katika hali hiyo, kuwa na nidhamu ni kazi rahisi sana. Nilidhani ni tabia yangu, kumbe ilikuwa mazingira yangu.

Januari mama akapata kiharusi. Alikutwa na jirani uani, amekaa chini karibu na ndoo, mdomo umepinda, mkono wa kulia umekataa. Mama yangu ni mtu wa Kilwa, mwanamke wa maneno mengi na makali, na siku tatu za kwanza hospitalini alikuwa anatoa sauti moja tu. Sitaeleza zaidi hapo. Waliouguza wanajua, na ambao hawajauguza nawaombea wachelewe kujua.

Sisi ni watatu. Kaka yuko Kilwa Masoko na nyavu zake, dada yangu yuko nje ya nchi anafanya kazi za ndani, akamwacha binti yake wa sekondari kwa bibi. Kwa hiyo swali la nani atahamia Tandika halikuulizwa kwa sauti. Nikarudisha chumba cha Tabata, nikaweka godoro kwenye kile chumba nilicholala nikiwa darasa la sita.

Machi, Ramadhani ikiwa imeingia wiki ya pili, kazini wakatupa barua. Kupunguza wafanyakazi. Tulikuwa saba. Nilisoma barua yangu ndani ya gari la Tandika, nimesimama, na nakumbuka wazo langu la kwanza halikuwa mshahara, lilikuwa kadi ya bima.

Sasa hapa pana jambo ambalo sikulielewa mpaka miezi imepita. Mwezi ule wa Ramadhani, pamoja na barua, pamoja na mama asiyeweza kujigeuza, sikukosa kidonge hata siku moja. Nilikuwa nimeshauliza kituoni, wakaniambia nimeze wakati wa daku. Na daku nyumbani kwetu halina mjadala. Saa kumi binti ananiamsha, au mimi namwamsha, tunapasha ugali au wali wa jana, maji yapo, kikombe kipo, kidonge kinaingia. Nilijipongeza sana. Nikajiona mama wa chuma.

Idi ikapita. Daku likaondoka. Na kidonge kikaondoka nalo.

Hakuna siku niliyoamua kuacha dawa, na ningependa hilo lieleweke, kwa sababu watu wengi wanadhani mgonjwa anayeacha dawa amekaa chini akatafakari. Kidonge kilikuwa kimetundikwa kwenye daku kama koti kwenye msumari. Msumari ulipong'olewa, koti likaanguka sakafuni na kila mtu akalipita. Leo nilimeza? Nadhani. Jana? Sikumbuki. Halafu karatasi ya vidonge ikaisha, sikununua nyingine. Ningependa kusema ilikuwa fedha. Fedha ilikuwa ngumu kweli, lakini hizi ni miongoni mwa dawa za presha za bei ndogo. Wiki zile zile nilikuwa nanunua vocha na chipsi mayai. Ukweli ni kwamba kila kitu nilichofanya siku hizo kilikuwa cha mama: nepi za mama, uji wa mama, kumgeuza mama kila baada ya saa mbili asije akapata vidonda. Kujimezea kidonge mwenyewe kulionekana kama anasa.

Kutembea ndiyo usiseme. Masika ya 2024 mnayakumbuka. Mitaa yetu ilikuwa mito, na Mei kimbunga Hidaya kikaja, barabara ya Kusini ikakatika pale Somanga, na kaka aliyekuwa aje kunipokea wiki mbili akabaki upande wa pili wa maji. Nilipopata ujumbe wake sikulia. Nilikwenda kununua chapati nne.

Katikati ya Mei nilimpeleka mama kliniki kwa bajaji. Walipomaliza kumpima, nesi akaniangalia usoni akasema, "Na wewe kaa." 174 kwa 106. Akaniuliza dawa nimeacha lini, nikaanza kueleza masika, kazi, kaka, Somanga. Akanisikiliza yote. Kisha akasema taratibu, bila ukali, mama akiwa hapo hapo kwenye kiti cha magurudumu anasikia: "Unamuuguza mgonjwa wa kiharusi, na wewe mwenyewe unakitafuta. Nani atakayekuja Tandika kukuuguza wewe?"

Mama, ambaye wakati huo maneno yalikuwa yanatoka moja moja kama nazi inayokunwa na mbuzi butu, akasema: "Hakuna."

Hapo ndipo wengine wangesema, nikabadilika. Hapana. Niliogopa, na hofu ilinibeba siku nne. Ya tano nikarudi palepale. Nikajaribu kutafuta ari kwenye simu, maana simu imejaa watu wanaouza ari: vijana wenye suti wanaokuambia uamke saa kumi usiku, kana kwamba mimi nilikuwa nimelala. Mmoja akasema tabia inajengwa kwa siku 21. Nikaandika siku 21 kwenye karatasi ukutani, nikakata tatu, ya nne mama alitapika usiku kucha, nikaona nimeshaharibu hesabu, nikachana karatasi.

Baadaye, kwa hasira tu, nilitafuta hiyo 21 ilitoka wapi. Ilitoka kwa daktari wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku kama 21 hivi kuzoea sura zao mpya. Sura, jamani! Pua! Watu waliokuja kupima jambo lenyewe, Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu kimoja cha London, walifuata watu 96 na kuchapisha matokeo mwaka 2009: kwa wastani tabia ndogo ilichukua siku 66 mpaka ijiendeshe yenyewe, na makadirio yakaanzia siku 18 hadi 254. Na walichokikuta kilichonifanya nikae wima kitandani ni hiki: kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Tabia iliendelea kukua pale ilipoachwa. Mimi nilikuwa nimechana karatasi kwa siku ya nne.

Wengine waliniletea Akhwari. Kila Mtanzania mwenye matatizo huletewa John Stephen Akhwari wa Mexico 1968, goti limefungwa bandeji, anamaliza marathoni wa mwisho uwanjani giza limeshaingia. Namheshimu sana mzee yule. Lakini marathoni ina mstari wa mwisho. Kuuguza hakuna. Ningejua ni kilomita 42 ningejikongoja hivyo hivyo. Kilichonivunja ni kutojua kama nimefika kilomita ya pili au ya arobaini.

Kilichofanya kazi kilianza na ukaidi wa mama. Asubuhi moja nilimpelekea vidonge vyake vinne na maji. Akafumba mdomo. Nikambembeleza. Akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto kunielekeza mimi. "Chako?" Nikamwambia nitameza baadaye. Akazidi kufumba mdomo. Uji unapoa, binti anachelewa shule, na bibi kizee wa miaka 71 ameniwekea mgomo. Nikaenda kukileta, nikameza mbele yake, nikafungua mdomo aone kama tunavyofanya kwa watoto. Ndipo akafungua wa kwake.

Tangu siku hiyo kidonge changu kinakaa kwenye kopo moja na vya kwake. Sikihitaji kukikumbuka. Kusahau dawa yangu sasa kunahitaji nisahau na ya mama, na ya mama siwezi kuisahau. Nilipata msumari mwingine, huu wa chuma.

Nikaanza kuangalia nyumba kwa jicho hilo. Ni kitu gani hapa kinatokea kila siku, nitake nisitake, hata siku mbaya? Siku mbaya ndiyo kipimo, maana siku nzuri kila kitu kinashika. Binti anaamka saa kumi na moja kujiandaa na shule na anaondoka saa kumi na mbili na robo. Basi kuna saa moja na ushee ambayo bibi ana mtu. Saa hiyo haikuwa yangu kwa kuitaka, ilikuwa yangu kwa ratiba ya sekondari. Nikaichukua. Asubuhi ya kwanza nilitembea mpaka kwenye genge la mwisho wa mtaa na kurudi, dakika nane. Ya pili hivyo hivyo. Siku chache baadaye nafika viwanja vya Mwembe Yanga. Mei ikaisha nimefika Uwanja wa Mkapa.

Shule zilipofunga Juni, nikaporomoka tena, kwa sababu binti naye alikuwa analala. Ile siku ya vitumbua sita ilikuwa ndiyo hiyo. Na ndipo mzee wa kahawa akasema neno lake.

Nimelifikiria sana neno lile. Hakuniuliza afya yangu, hakunipa moyo, hakusema hongera. Alitoa taarifa tu, kama mtu anayesema leo umeme ulikatika. Lakini lilinipa kitu ambacho wale vijana wa suti hawana: nilikuwa na deni. Kupita kwangu kulikuwa sehemu ya asubuhi ya mtu mwingine. Siku iliyofuata mvua ilikuwa inadondoka, mwili umekataa, na nilichofikiria si mishipa yangu ya damu. Nilifikiria, yule mzee nitamwambia nini leo? Homa nimeshaitumia.

Kuna watu watasema huo si msimamo, ni aibu. Sawa. Aibu imejenga nyumba nyingi uswahilini kuliko msimamo.

Mazoezi mengine yamekuja kwa mlango wa nyuma. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwachia mama orodha: kufungua na kufunga vidole, kuinua mkono mgonjwa kwa kusaidiwa na mzima, kukaa na kusimama kwenye kiti mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Mama hakutaka. Alisema, kwa maneno manne yaliyomchukua dakika nzima, kwamba yeye si askari wa JKT. Nikaweka kiti changu mbele ya chake, tukaanza wote, nikimpa kazi ya kuhesabu, kwa sababu kuhesabu kwa sauti nako kulimsaidia ulimi. Moja, mbili, tatu, sita. Sita, mama? Sita. Basi siku zile kumi yetu ilikuwa fupi. Lakini fanya mwenyewe hesabu: mara kumi, mara tatu kwa siku, kila siku. Mapaja yangu hayajawahi kuwa na nguvu kama sasa, na sikulipia ukumbi wa mazoezi shilingi.

Nilipokuwa bado nahangaika na hatua elfu kumi nilikuwa naona haya yote hayahesabiki, kwa sababu simu ilikuwa mezani. Elfu kumi nayo ina hadithi yake. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani ilitoa kifaa cha kuhesabu hatua, wakakiita kwa Kijapani kipimo cha hatua elfu kumi, jina likapendeza, likauza. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2019, ulioongozwa na I-Min Lee kwa wanawake wazee zaidi ya elfu kumi na sita wa Marekani, ulikuta waliokuwa wanatembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kwa kiasi kikubwa kuliko wa 2,700, na faida ikafika kikomo kwenye kama 7,500. Nikaifuta programu. Kuanzia hapo kipimo changu ni watu: mzee wa kahawa, mama wa mihogo, mlinzi wa ghala la saruji. Nikiwapita wote watatu, nimetembea.

Kwenye daladala huwa napenda kumwangalia konda. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wa wafanyakazi wa mabasi ya London, yale ya ghorofa, wakakuta madereva waliokaa kutwa wanaugua moyo zaidi ya makonda waliokuwa wanapanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Gari moja, mji mmoja. Wetu hapa hawana ngazi, wana mlango wa kuning'inia na abiria wa kubishana nao chenji. Nauli ilipopanda mpaka 600 mwisho wa 2023 nililalamika kama wote, lakini baada ya kuachishwa kazi ndiyo iliyonishusha vituo viwili kabla. Ukata una ukatili mwingi, ila mara chache unakusukuma upande unaofaa bila kujua.

Chakula vilevile. Huko kwenye simu lishe bora ina rangi za maduka ya Masaki, parachichi na lozi na samaki ambaye hatuna habari zake. Nilipoishiwa nikarudi kwenye tembele, mchicha, dagaa, maharage, dona, na ghafla nakula vile kituo cha afya walivyonisihi tangu mwanzo. Sukari ilipungua kwa sababu ilipanda bei mwanzoni mwa mwaka ule mpaka tukaihesabu kwa kijiko.

Vita ilikuwa chumvi. Watu wa pwani ya Kusini wamelelewa na ng'onda, na kwa mama samaki mkavu asiyechoma ulimi ni mti. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu tano za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha yote, pamoja na iliyomo kwenye mkate na kwenye vile viungo vya paketi tunavyomwagia kila mchuzi. Kijiko kimoja! Kipande kimoja cha ng'onda wa mama kingekula bajeti ya siku mbili. Siku ya kwanza niliyopika bila chumvi alisukuma sahani kwa mkono wa kulia, ule mgonjwa, na mimi badala ya kukasirika nikapiga vigelegele, kwa sababu hatukujua kama unaweza kusukuma.

Tukafikia mapatano. Ng'onda analowekwa usiku kucha, maji yanamwagwa, analowekwa tena. Ndimu, pilipili mbuzi, kitunguu saumu, tangawizi, nazi kidogo, bamia. Viungo vya paketi vimehama nyumba. Na Ijumaa moja kwa mwezi tunakula ng'onda kama alivyovuliwa na kukaushwa na mababu, mimi sijidai sijui. Binti aliniuliza kama hiyo si dhambi kwa mgonjwa wa presha. Nikamwambia hiyo Ijumaa ndiyo inayozilinda siku nyingine zote, na hilo nimeliona kwa macho yangu: mwezi tuliojaribu kuiondoa, nilimfuma mama na pakiti ya chumvi chini ya mto.

Sasa siku zinavyoharibika. Zinaharibika bado. Mwezi wa nane mama alianguka chooni, wiki mbili sikutoka nje ya geti. Mwezi wa kumi na moja nilipata kazi ya muda ya kufunga hesabu za duka Kariakoo, nikawa nalala saa nane, na asubuhi zikaniponyoka. Kila mara nilirudi kwa kuanzia kwenye genge la mwisho wa mtaa, dakika nane, hata kama wiki iliyotangulia nilikuwa nafika uwanjani. Kiburi changu hakikupenda. Lakini niligundua kuwa kilichokuwa kinaniua si zile siku nilizokosa, ni ile hamu ya kuzilipa zote kwa mpigo, kutembea saa mbili Jumamosi ili kufidia, nikirudi miguu imevimba na Jumapili siwezi hata kusikia neno raba.

Jumamosi hizo ndizo wanapopita wale vijana wa jogging, fulana za rangi moja, filimbi, mmoja anaongoza wimbo na mia wanaitikia, nusu ya barabara ni yao na madereva wamesalimu amri. Zamani nilikuwa nawakimbia. Siku moja niligundua nyuma kabisa ya msafara kuna kinamama wa umri wangu na zaidi ambao hawakimbii hata kidogo, wanatembea kwa haraka na kupiga umbea. Nikaungana nao. Mmoja aliniuliza natokea wapi, mwingine alikuwa ameuguza mume miaka minane. Nilipata kwao maarifa ya kuzuia vidonda vya mgongo ambayo sikuyapata popote.

Mama naye ana mzee wake wa kujilinganisha, Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, aliyefariki Februari 2024 akiwa na miaka 98. Habari ile ilimkuta bado kitandani. "Yule alikuwa anatembea," alisema alipopata ulimi vizuri, kana kwamba kifo cha mtu wa miaka 98 ni matokeo ya kutembea pungufu. Sasa hivi anakwenda mwenyewe kutoka chumbani mpaka barazani na bakora yake mkono wa kushoto, mguu wa kulia unafagia kidogo. Kipimo changu cha juzi kilikuwa 136 kwa 86. Daktari bado ananiambia nisiache dawa eti kwa sababu namba zimekaa vizuri. Zimekaa vizuri kwa sababu ya dawa.

Ile bakora ndiyo saa yangu siku hizi. Vyumba vyetu vimegawana ukuta. Miezi ya mwanzo akigonga mara moja ilikuwa maji, mara mbili choo, mara nyingi mfululizo njoo mbio. Siku hizi maji anajichukulia. Lakini kila alfajiri, binti akishaanza kugongagonga masufuria, bakora inapiga ukuta mara mbili, na haina maana ya choo.

Imepiga sasa hivi. Nimekaa kitandani naandika haya kwenye simu, nje mvua inanyesha, mvua ya kweli, bati linapiga kelele kama mtu anamwaga kokoto. Nimemjibu kwa sauti kupitia ukutani kwamba leo mvua, mama, nitapumzika.

Kimya kidogo. Anapanga maneno yake.

"Kwani we chumvi?"

Raba ziko wapi.